Ndege ya Embakasi, sebuleni Tabata

Ipo ndege moja ya zamani ambayo huwezi kuielewa mpaka uirushe kutoka Nairobi, mchana, jua likiwa la utosi. Nazungumzia Vickers VC10, ile ya Kiingereza yenye injini nne zilizobanana mkiani, mbili kila upande, na mkia mrefu wenye umbo la T. Wapenda ndege wa Ulaya huirusha kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, wakitokea London, wakaisifia kwamba ni nzuri kutazama, kisha wakahamia kwenye Boeing. Siwalaumu. Ukitokea Heathrow, usawa wa bahari, hewa nzito na baridi, VC10 ni ndege kama nyingine. Ila haikuundwa kwa ajili ya Heathrow.

Miaka ya 1950 shirika la Uingereza la BOAC lilitaka ndege ya jeti ya kwenda Afrika na Asia, na viwanja vya njia hizo vilikuwa mtihani: Kano kwenye joto la jangwa, Johannesburg juu mlimani, na Nairobi. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa Mei 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, uko futi 5,330 juu ya bahari, yaani zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini inapata hewa kidogo, bawa linashika hewa kidogo, na njia ya kurukia inaisha upesi kuliko unavyopenda. Vickers wakaambiwa watengeneze kitu kitakachoondoka hapo kikiwa kimebeba abiria wa kutosha na mafuta ya kutosha.

Jibu lao ndilo lile umbo. Injini zote zikapelekwa nyuma, bawa likabaki tupu kutoka kiwiliwili hadi ncha. Bawa lisilo na injini unaweza kuliwekea vibao vya mbele vinavyofunguka urefu wake wote, na nyuma yake ukaliwekea vibao vipana vya kushuka bila kuvikatiza popote. Matokeo yake ndege inashika hewa ikiwa bado kwenye kasi ndogo, inaondoka mapema na inatua polepole kuliko Boeing 707. Faida nyingine ni kwamba injini moja ikizimika, ndege haivutwi sana upande, kwa sababu zote ziko karibu na kiwiliwili. VC10 ya kwanza iliruka tarehe 29 Juni 1962 pale Weybridge. Super VC10, ndugu yake mrefu zaidi, ikafuata Mei 1964.

Hiyo Super ndiyo iliyonunuliwa na East African Airways. Zilikuwa tano. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilitazama kwenye picha linanifurahisha: walizigawana herufi za usajili. Mbili zilikuwa na herufi za Uganda, 5X-UVA na 5X-UVJ. Mbili za Tanzania, 5H-MMT na 5H-MOG. Moja ya Kenya, 5Y-ADA. Shirika moja, nchi tatu, na kila nchi ilikuwa na kitu cha kujivunia ubavuni mwa ndege. Zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo kushoto mbele, kitu ambacho Super za BOAC hazikuwa nacho, kwa hiyo sehemu ya mbele ingeweza kupakiwa mizigo na abiria wakakaa nyuma.

Basi mimi, mkazi wa Tabata, ninayo 5H-MMT kwenye kompyuta iliyokuwa ya ofisi fulani kabla haijafika Kariakoo. Programu yangu ni Flight Simulator X ya Microsoft, ya mwaka 2006. Najua zipo mpya zinazoonyesha kila mti na kila bati. Kompyuta yangu ikijaribu kuzifungua inapumua kama ng'ombe aliyepanda Kitonga, halafu inazima. Hii ya zamani inakwenda vizuri, na VC10 yake imetengenezwa na watu ambao inaonekana waliipenda kweli. Ukifungua paneli unakutana na mishale na saa za duara tupu. Hakuna skrini. Hakuna ramani yenye kindege kidogo kinachotambaa. Simuleta yenyewe ina GPS, lakini mimi huiondoa, maana ukiiacha hapo utaitazama tu, ubinadamu ndivyo ulivyo.

Sasa twende Embakasi. Safari ninayoipenda ni ya Nairobi hadi Entebbe, kwa sababu baadhi ya safari za Ulaya zilianzia hivyo, na kwa sababu ni fupi: kilomita 520 hivi. Mama watoto anajua nikisema "naenda Entebbe" chakula cha usiku hakipoi. Nikisema "naenda London" ananiwekea kwenye hotipoti.

Weka saa saba mchana, nyuzi joto 27. Jaza mafuta kana kwamba unakwenda mbali, usijidanganye na ndege tupu. Super VC10 iliruhusiwa kufikia tani 152 wakati wa kuondoka, lakini kwa joto hilo na mwinuko huo hata yenyewe hukubali kupunguziwa. Sogeza ndege hadi mwanzo wa njia 06, ile inayoelekea kaskazini mashariki. Fungua vibao. Shika breki, sukuma mikono ya injini polepole, subiri mishale minne isimame pamoja. Injini za Conway za Rolls-Royce ndizo zilizotangulia duniani, katika ndege za abiria, kupitisha sehemu ya hewa pembeni ya moto badala ya kuipitisha yote ndani, ila kwa masikio ya leo bado ni kelele tupu. Achia breki.

Na hapo ndipo somo linapoanza. Mshale wa kasi unapanda, lakini ardhi inakimbia kuliko mshale. Hii si kasoro ya programu. Mshale wa kasi haupimi mwendo wako juu ya lami, unapima jinsi hewa inavyousukuma mrija ulioko mbele ya ndege. Hewa ikiwa nyepesi, lazima ukimbie zaidi ili isukume vilevile. Pale Embakasi kwa nyuzi 27, mshale ukisoma noti 140 (noti ni maili ya baharini kwa saa), magurudumu yako yanakwenda karibu noti 158. Ongeza na kwamba injini zimepungukiwa nguvu kwa sababu hiyohiyo ya hewa. Ukichukua ndege ileile, uzito uleule, ukaipeleka Dar, kwenye joto letu la jasho lakini mita 55 tu juu ya bahari, hewa ni nzito kwa zaidi ya asilimia 15 na ndege inakuwa angani mapema sana. Embakasi inataka umbali mrefu zaidi, umezidi wa Dar kwa zaidi ya theluthi. Nilikuwa nimeyasoma haya kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari nikayajibu kwenye mtihani nikayasahau. Ni kitu kingine kukaa hapo, mkono kwenye usukani, ukiangalia mwisho wa lami unakuja na ndege bado haijataka.

Halafu inataka. Unavuta usukani taratibu, pua inanyanyuka, na lile bawa tupu linafanya kazi iliyolipiwa. Haijitupi juu kama jeti za siku hizi zenye injini mbili kubwa. Inaondoka kwa heshima, na ina nguvu ya akiba kuliko unavyotarajia kwa ndege ya umri huo. Jaribu safari hiyohiyo na 707 ya zamani, mzigo uleule, ndipo utakapowaelewa Vickers walikuwa wanatatua nini.

Tatizo ni kwamba mpaka wanamaliza kulitatua, tatizo lilikuwa linaondoka. Wamarekani walikuwa wameshauza 707 kila mahali, na nchi zilizozitaka zikarefusha viwanja vyao. Njia ya Nairobi leo ina zaidi ya kilomita nne. Kwenye njia ndefu, bawa la VC10 linakuwa anasa: ndege nzito zaidi, inayokunywa mafuta zaidi ya 707 kwa kazi ileile. Mwaka 1964 mwenyekiti mpya wa BOAC, Giles Guthrie, alitaka kuzifuta Super VC10 zilizoagizwa achukue za Boeing, na serikali ya Uingereza ikamzuia asizifute zote. Kwa jumla zilitengenezwa 54 tu. Nadhani kuna uonevu fulani hapo. Wateja waliagiza ndege ya viwanja vibaya, wakaletewa, wakati huo viwanja vikawa vizuri, lawama akapewa fundi.

Turudi angani. Ukiondoka kwa 06 unakata kushoto, unauacha mji chini, na kama unashika mstari ulionyooka kwenda Entebbe utapita Suswa, Narok, Bomet, Kisii, kisha Mbita, kisha ziwa. Mimi nauandika mstari huo kwenye karatasi na dakika zake pembeni. Kwa noti 420 unakwenda maili saba za baharini kila dakika, kwa hiyo hesabu ni nyepesi hata ukiwa na usingizi. Unatafuta masafa ya redio ya kituo cha chini, unazungusha kitufe hadi mshale uamke, unaufuata. Ukisikiliza vizuri unasikia herufi za kituo zikipigwa kwa morsi, ile milio mifupi na mirefu, ndiyo namna ya kujua kwamba unayemfuata ndiye. Kwenye ndege halisi kazi hii ilikuwa ya mtu wa tatu, mwongoza njia, mwenye meza yake. Nyuma ya rubani msaidizi alikaa mhandisi wa ndege na ukuta mzima wa swichi. Yaani watu wanne wanafanya kazi ninayoifanya peke yangu kwa mikono miwili na kipanya.

Hilo la watu wanne sikulitilia maanani hadi Baba Mkubwa alipokuja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho. Baba Mkubwa alikuwa fundi wa East African Airways palepale Embakasi, kijana wa Moshi aliyekwenda na sanduku la bati na kurudi 1977 na lilelile, baada ya Jumuiya kuvunjika na mpaka kufungwa. Hazungumzii sana. Jioni hiyo alinikuta nimevaa hedifoni, nikitoka Nairobi.

"Shikamoo Baba Mkubwa, karibu ukae."

"Marahaba. Hiyo ni sinema?"

"Hapana, Baba. Ni VC10. Mimi ndiye rubani."

Akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikawa inakaribia kugusa skrini. Akakaa kimya kwa muda.

"Rubani nimemwona. Mhandisi yuko wapi?"

"Niko peke yangu, Baba."

"Haiwezekani. Nani anakuangalizia mafuta?"

Nikamwonyesha paneli ya mhandisi, ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa naifungua wakati wa kuwasha injini tu. Akaitazama kama mtu anayesoma barua kutoka kwa jamaa. Akaanza kunitajia: tangi hili, tangi lile, hili la katikati, na hili hapa ni la kwenye mkia. Super VC10 ina tangi ndani ya pezi la mkia, juu kule, na kama hujui mafuta yako yamekaa wapi hujui ndege yako inaelemea wapi. Kipanya hakukitaka. Aliamua kunyoosha kidole na kuamuru. "Hiyo fungua. Hiyo iache, bado. Nimesema bado!" Mimi nikabaki na usukani, yeye akawa anasoma joto la injini kwa sauti, moja hadi nne, kila baada ya dakika chache, kama anaita mahudhurio. Injini ya tatu ilikuwa juu kidogo kuliko wenzake. Mimi nisingeiona. Akaniambia niirudishe nyuma unywele mmoja.

Ni kweli kwamba ndege ya leo inafanya haya yote yenyewe, na inafanya vizuri kuliko binadamu. Sina ugomvi na hilo, nikipanda ndege kwenda Mwanza naomba kompyuta ziwe nyingi. Lakini kwenye simuleta, kazi yenyewe ndiyo starehe. Ndege mpya ukishaipa safari yake, unabaki unatazama mawingu. VC10 inakudai muda wote, na wakikaa wawili mbele yake panakuwa na mazungumzo.

Kasoro moja tu Baba Mkubwa alikataa kuisamehe, nayo ni sauti. "Hiyo siyo. Conway ikiwashwa pale Embakasi, ulikuwa unaisikia hapa," akajigonga kifuani. Nikaongeza sauti ya spika. Mtoto akaamka. Tukapunguza.

Kushuka kwenda Entebbe ndiko kunakomtenganisha mchezaji na mtu aliyejifunza. VC10 ni laini, haitaki kupunguza mwendo, na hakuna kompyuta ya kukuambia uanze lini. Kanuni ya zamani ni maili tatu kwa kila futi elfu. Uko futi 26,000, Entebbe iko karibu futi 3,800, una futi 22,000 za kuziteremka, mara tatu ni maili 66 za baharini, kama kilomita 120. Maana yake ukishaiacha Mbita nyuma na maji yameenea mbele, anza kujiandaa. Ukichelewa utafika juu ya uwanja ukiwa na kasi na urefu usio na pa kuupeleka. Ukiwahi utaburuzika chini juu ya ziwa ukiunguza mafuta, maana jeti inakula vibaya ikiwa chini. Nikishusha vizuri, injini zinabaki karibu kimya tangu ninapoanza kushuka hadi vibao vya kwanza vinapofunguliwa, na hakuna mtu wa kunipigia makofi isipokuwa mimi mwenyewe.

Kuna safari moja siifanyi. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma. Ikiwa inakimbia kuondoka Addis, gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichodondoshwa na ndege ndogo, tairi likapasuka, marubani wakaamua kusimama. Breki hazikutosha. Uchunguzi ulionyesha kuwa sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imefungwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka kwenye ukingo, ikawaka. Kati ya watu 107 walikufa 43. Uwanja huo wa Addis, unaoitwa Bole, uko juu kuliko hata Embakasi, zaidi ya mita 2,300, na ile hesabu ya mshale na lami inafanya kazi pande zote mbili: kasi iliyokuchelewesha kuondoka ndiyo hiyohiyo ambayo breki zinatakiwa kuimeza. Kuna watu kwenye mtandao huigiza ajali kama hizi hatua kwa hatua, wakaweka na muziki. Wana uhuru wao. Kwangu, familia za watu wale ziko Nairobi, Kampala na hapa Dar, na Baba Mkubwa aliifahamu ndege ile boliti kwa boliti.

Zile nne zilizobaki ziliendelea hadi shirika liliposambaratika mwanzoni mwa 1977. Zikarudi Uingereza kwa waliozitengeneza, kwa kuwa madeni hayakuwa yamelipwa, zikakaa, kisha Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua na kuzipa majina mapya, ZA147 hadi ZA150. Hapa Watanzania tuna la kusema. ZA150 ni 5H-MOG yetu, na ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Ilihifadhiwa Dunsfold, kusini mwa London. ZA147 ni 5H-MMT, hiihii niliyonayo Tabata, na ndiyo VC10 ya mwisho duniani kuruka: tarehe 25 Septemba 2013 ilitua Bruntingthorpe, Uingereza, na haikuondoka tena. Miaka thelathini na sita baada ya East African Airways kufa, ndege yake ilikuwa bado angani.

Niliyagundua hayo Baba Mkubwa akiwa amesharudi Moshi, nikampigia simu. Akanyamaza kidogo, akauliza jeshi lilikuwa linazitumia kwa kazi gani. Nikamweleza kwamba zilifungwa matangi ya ziada na mipira mirefu, zikawa zinazijazia mafuta ndege za kivita hukohuko juu.

"Kwa hiyo MMT ikawa sheli?"

"Ndiyo, Baba. Sheli ya angani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ile? Ilivyokuwa inakunywa ile!"